Watoto wa Nambari Thelathini na Moja

Nambari Thelathini na Moja alikuwa mzazi mbovu, na Ripeka Tauwhare hakuona sababu ya kulizunguka jambo hilo. Alizaa watoto kumi na mmoja, wekundu, vipofu, kila mmoja hazidi kidole kidogo cha mtu mzima, akawanyonyesha kama mtu anayelipa faini, kisha akawapa mgongo na kwenda kula pembeni. Jirani yake kwenye rafu, Nambari Thelathini na Mbili, alishinda akilamba wanawe toka kichwani mpaka mkiani, na akimaliza wa mwisho anamrudia wa kwanza. Ripeka alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kulisha na kusafisha panya weupe wa chuo pale Dunedin, na wakubwa wake walishamkataza mara nyingi kuwapa majina. Kwa siku tatu alisimama kati ya vizimba viwili akitazama. Siku ya nne uvumilivu ulimwishia.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwanafunzi hata mmoja hajafika, alivaa glavu, akachota matandiko kidogo ya Thelathini na Mbili, akawapaka watoto wa jirani ili wanuke kama wenyeji, kisha akawapenyeza humo. Wasingechanganyika, kwa kuwa kila mtoto alikuwa na alama ya wino mguuni. Thelathini na Mbili alinusa mara moja, akaona kazi imeongezeka, akaanza na aliye karibu. Saa mbili na nusu Ripeka aliwarudisha wageni kwao, wameshiba na wamelowa mate, na saa tatu watu walipoingia kazini hesabu ilikuwa sawasawa. Kesho yake akafanya vilevile. Juma lililofuata akawaongeza watoto wa majike wengine watatu wabovu wa rafu ile, kila kundi kwa jirani yake, maana aliona si haki kubagua.

Kosa hakuliona kabisa. Kwao Wamaori, mtoto kulelewa na ndugu ni jambo la kawaida lenye jina lake, whāngai, na hakuna anayeita polisi. Yeye mwenyewe alimchukua Arihia, bintiye mdogo wake Mākere, kule kwao Bluff akiwa na wiki sita, wakati Mākere ana miaka kumi na tisa na hamu kubwa ya kwenda kuiona Australia. Sasa Arihia alikuwa na miaka ishirini na minane, anamalizia shahada ya uzamivu katika chuo hichohicho. Na hapo ndipo penye mkasa, kwa sababu panya wale walikuwa wa utafiti wa Arihia.

*

"Nilikosea," Arihia alisema jioni moja ya Juni, akivua koti mlangoni, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyetoka harusini.

Hoani, mume wa Ripeka, aliyestaafu kazi ya kupakua meli kwenye bandari ya Port Chalmers, walikoishi, aliinua macho kutoka kwenye bakuli lake la mifupa ya nguruwe na mboga. Akauliza kama siku hizi watu wa chuoni wanasherehekea makosa.

"Kukosea vizuri namna hii ni bahati, Baba. Wengine wanatafuta maisha yao yote, hawapati."

Akaketi, akaeleza, huku supu yake ikipoa. Kwa miaka miwili alikuwa ameamini wanachoamini wenzake wengi wa fani hiyo, kwamba mtoto wa panya akilambwa sana siku zake za kwanza, ubongo wake hukua ukiwa mtulivu. Jeni zake zinabaki zilezile alizozaliwa nazo, ila zipo zinazofunguliwa na zipo zinazoachwa zimefungwa, na ulimi wa mama ni mojawapo ya funguo. Aliyelambwa hukua jasiri, na akiwa jike, naye hulamba wa kwake. Asiyelambwa hukua mwoga, na ukimweka kwenye sanduku la wazi anatembea akiambaa ukuta. Ndipo Arihia akawachagua kwa makusudi majike wanne wa ukoo jasiri, ambao wenyewe hawapendi kulamba. Kama kazi ni ya ulimi, watoto wao watakuwa waoga. Kama ni ya damu, watakuwa kama mama zao.

"Leo nimemaliza kuwapima wote," akasema. "Wametembea moja kwa moja mpaka katikati ya sanduku, wakakaa, wakaanza kujisafisha masharubu. Watoto ambao hawakulambwa. Mama, ni damu. Ulimi hauna kazi yoyote."

"Basi tulijisumbua bure," Hoani akasema. "Tungekuacha kulekule Bluff na chupa ya maziwa, ungejilea."

Arihia akacheka, akamtazama Ripeka, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye si panya. Ripeka akajibu kwamba anashukuru kuambiwa, akainuka kuosha vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia. Aliumia, tena aliumia mara mbili. Miaka ishirini na minane ya kuamka usiku, kusuka nywele na kushona magauni ya shule ilikuwa imepimwa ikaonekana haina uzito, na aliyeichakachua mizani ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, saa kumi na mbili asubuhi.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Dokta Begg, msimamizi wa Arihia, alifurahi hata akasahau tabia yake ya kutokufurahi. Alipanga Arihia asimame Ijumaa mbele ya idara nzima, na wageni wawili wakaalikwa kutoka Australia. Kule Uholanzi kulikuwa na kazi ambayo ilikuwa karibu kuwa ya Arihia, na waliohusika walikuwa wameomba waipate hotuba. Mākere naye alipigiwa simu huko Bluff, simu ikawekwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Mākere akasema siku zote alijua kwamba kichwa kile ni chake, na kwamba angekuja Alhamisi kukisikiliza kikizungumza.

*

Ripeka alimwambia Hoani kwanza, kwenye banda la kuni, kwa sababu Hoani akiwa na shoka mkononi huwa hazungumzi sana. Safari hii alizungumza. Alicheka mpaka akakaa juu ya gogo.

"Umewafanyia panya whāngai."

"Niliwaazima tu. Nilikuwa nawarudisha."

"Na Arihia anajua?"

"Angejua angekuwa anacheka vile?"

Hoani akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa utani, lakini alijua utani unaishia wapi. Akamwambia mkewe amwambie binti kabla ya Ijumaa, kwa sababu akisimama pale na uongo, hata kama si wake, ndiye atakayeuvaa. Ripeka akasema angemwambia Alhamisi, kabla Mākere hajafika, taratibu, wawili peke yao, na chai. Siku mbili nzima alipanga maneno yake huku akibadilisha maji ya panya. Yalianza na "Arihia mwanangu, kuna jambo," na yalikuwa maneno mazuri, yenye unyenyekevu. Halikutoka hata moja.

Alikuwa na sababu zake, na nyingine hazikuwa nzuri. Alijua akisema, msichana angepoteza Ijumaa yake, pengine na Uholanzi. Alijua pia kwamba Uholanzi ni mbali, na kwamba kuna mama mmoja pale Port Chalmers ambaye asingelia sana safari hiyo ikivunjika. Wazo hilo la pili lilimtia aibu kiasi kwamba kila alipotaka kufungua mdomo alijiuliza anasema kwa ajili ya nani.

*

Mākere alifika Alhamisi mchana na ndoo ya tītī, wale ndege wa baharini waliokaushwa kwa chumvi, na harufu yao iliingia nyumbani kabla yake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, dereva wa lori, mwenye kicheko cha kusikika barabara ya pili. Alimkumbatia Arihia mpaka akamwinua miguu, akamkumbatia Hoani kwa heshima ya tumbo lake, akamkumbatia dada yake akamwambia amekonda. Ripeka hakuwa amekonda.

Chai ya wawili peke yao haikupatikana tena. Chakula cha jioni kililiwa mapema, ndege wakachemshwa mara tatu kupunguza chumvi, na Mākere akataka aelezwe upya habari za panya, hatua kwa hatua, kama mtoto anayetaka hadithi aliyokwisha kuisikia. Kila Arihia alipofika penye neno damu, Mākere aliligonga bakuli kwa uma.

"Usinune, dada," akasema mwishowe. "Wewe ulimlea, nani anakataa? Ulimlea vizuri sana, hata meno yake yamenyooka. Ila ule moto wa ndani huwezi kumtilia mtu kwa kijiko cha uji. Anazaliwa nao. Sasa hata sayansi imesema."

"Mama Mākere, ni panya arobaini tu," Arihia alisema, akicheka.

"Arobaini ni wengi."

Ripeka alikuwa amesimama na sahani mkononi. Akafungua mdomo kusema "Arihia mwanangu, kuna jambo," na kikatoka kitu kingine kabisa.

"Damu gani? Wale watoto walilambwa. Walilambwa kila siku ya Mungu kwa wiki tatu. Niliwapeleka mimi kwa jirani, kwa mikono hii."

Alilisema kwa majivuno, na hilo ndilo lililomwandama baadaye kuliko kosa lenyewe. Kwa muda wa kupepesa jicho alifurahi kweli, kama mtu aliyeshinda mchezo wa karata. Kisha akauona uso wa Arihia.

Arihia hakupiga kelele. Aliuliza ni vizimba vipi. Aliuliza ni tarehe gani mpaka tarehe gani, na kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na Ripeka akajibu kila swali akiwa amesimama wima na sahani yake, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Arihia alichukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma yake kwa mwandiko wake mdogo.

"Wote wanne?"

"Wote wanne. Niliona si haki kubagua."

Hoani alikohoa. Arihia akaikunja bahasha mara mbili, akasema anakwenda kumpigia Dokta Begg, akatoka. Walimwona kupitia dirishani akiingia kwenye gari lake, akakaa na simu mkononi muda mrefu bila kubonyeza kitu.

Ripeka alimgeukia mdogo wake, akiwa tayari kwa kejeli zake, kwa kuwa hata Mākere alikuwa ameshindwa usiku ule, na Mākere hakuwahi kushindwa kimya. Mākere aliisukuma sahani yake mbele.

"Nilikupa mtoto siku gani?"

"Mākere, si sasa."

"Nilikupa siku ya Jumapili, nyumbani kwa Mama, watu wamejaa mpaka barazani. Nilisema kwa mdomo wangu nampa nani na kwa nini. Na wewe ukasema kwa mdomo wako umempokea. Hata mbwa wa Mama alijua." Hapo sauti yake ikashuka. "Ndiyo maana sijawahi kukuona mwizi, dada. Hata siku zile nilizokuonea wivu mpaka nikashindwa kula. Sasa wewe unamchukulia mwanao watoto alfajiri, unawarudisha kabla hajafika kazini. Hiyo si whāngai. Mimi sijui hata inaitwaje."

 Siku zote, kati yao wawili, Ripeka ndiye aliyejiona mshika mila, na Mākere ndiye wa kuzunguka na malori. Habari ya wivu ilikuwa mpya kwake vilevile. Aliweka sahani kwenye sinki, akagundua kwamba bado ina chakula.

*

Ijumaa hotuba haikuwepo. Wageni wa Australia walipelekwa kutazama pengwini. Ripeka alikwenda kwa Dokta Begg kwa miguu yake, na Mākere akamfuata bila kualikwa, akiwa amevaa shati lake la kazi lenye jina la kampuni ya malori mgongoni. Dokta Begg, mtu mpole asiyeweza ugomvi, aliwapa viti na biskuti. Alimsikiliza Ripeka mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini, kama aliona watoto hawatunzwi, hakujaza fomu. Fomu ipo. Ripeka akasema anaijua fomu, amekuwa akiwaonyesha wageni mahali inapokaa kwa miaka kumi na tisa.

"Na wewe ni nani, mama?" Dokta Begg alimuuliza Mākere kwa adabu.

"Mama yake Arihia."

Dokta Begg akamtazama Ripeka, ambaye kwenye karatasi zake zote alikuwa mama yake Arihia. Akamtazama tena Mākere. Akaamua kwamba hilo si la kuandikwa, akawaongezea biskuti.

Hukumu ilitoka Jumatatu. Rafu nzima ilifutwa kwenye utafiti, na Arihia angeianza upya, mwaka mzima. Kazi ya Uholanzi haikungoja, ikapewa mtu kutoka Ujerumani. Ripeka hakufukuzwa, kwa heshima ya utumishi wake, ila kadi yake ya mlango ilichukuliwa na yeye akahamishiwa chini, kuosha vizimba vitupu mpaka Januari. Kijana wa miaka ishirini na miwili alimfundisha jinsi ya kunawa mikono kwa kutumia mchoro ukutani wenye hatua sita. Ripeka alizifuata zote sita.

Jumapili iliyofuata aliomba radhi. Hakutaka kuiomba jikoni kwa kunong'ona. Alimwita Hoani mezani, akampigia Mākere simu na kuiweka simu katikati ya meza, kisha akamwambia Arihia mbele ya wote alichofanya, bila kukipamba, na kwamba alikosea kukificha. Akaongeza na lile la Uholanzi, lililomchoma kuliko yote, kwamba kuna pembe moja ya moyo wake iliyotaka asiende. Arihia alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nimesikia, Mama," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Na tangu siku hiyo akawa na adabu. Hilo ndilo lililomwua Ripeka. Asante kwa chai, Mama. Samahani nimechelewa, Mama. Usihangaike, Mama, nitajipakulia mwenyewe. Huyu alikuwa msichana aliyebamiza milango ya nyumba ile mpaka bawaba moja haikuwahi kupona, na sasa aliifunga taratibu kama mpangaji. Ripeka angetoa chochote asikie mlango mmoja ukibamizwa. Hoani alijaribu utani wa kila aina, mwishowe akabaki anajitania mwenyewe, na hata hapo waliocheka walicheka kwa adabu.

*

Mwishoni mwa Septemba, Ripeka alikuwa kwenye chumba cha kuoshea, mvuke umejaa na aproni imelowa, alipoinua kichwa akamwona Arihia mlangoni. Hakuwahi kushuka huko hata mara moja.

"Binti ya Thelathini na Moja amezaa," Arihia alisema.

Ripeka akafunga bomba. Panya wa rafu iliyofutwa walikuwa wameachiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wajifunzie kuwashika na kutambua dume na jike. Kwa habari hii ilionekana kutambua dume na jike bado kuliwashinda.

"Wangapi?"

"Tisa. Niko naye tangu saa tatu." Arihia alizungumza akitazama sakafu. "Sikuwa na shughuli yoyote ya kunikalisha pale. Nilipita tu. Lakini anawalamba, Mama. Anawalamba mpaka wanalalamika. Nilitoa karatasi nikaanza kuweka alama, kila anapolamba alama moja, na nimejaza pande zote mbili."

 Mama yake mwenyewe, Thelathini na Moja, hakuwahi kumlamba yule binti mara mbili mfululizo. Kama alijifunzia mahali, basi ni kwenye kizimba cha jirani, asubuhi, kabla ya saa mbili na nusu.

"Basi hiyo itakusaidia," Ripeka akasema haraka. "Si ndiyo ushahidi wenyewe? Waonyeshe."

"Haisaidii kitu. Rafu ile imefutwa. Kwa vitabu vyetu panya wale hawapo kabisa. Siwezi kuwaandika kwenye tasnifu, siwezi kuwaandika kwenye jarida, na Dokta Begg akijua nimepoteza asubuhi nzima kwao atanisema."

"Sasa umeshuka ngazi zote hizo kuniambia ya nini?"

 Arihia alichukua kizimba kilicholowa juu ya lundo, akatafuta kitambaa, akaanza kukikausha vibaya, akiacha pembe zote na maji, kama alivyokuwa akikausha vyombo tangu ana miaka kumi.

"Ni wajukuu zako," akasema. "Nani mwingine nimwambie?"

 Ripeka akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia ndani ya glavu zake zenye povu. Arihia akaendelea kukausha, kizimba baada ya kizimba, akivipanga kwenye rafu isiyo ya vizimba.